Mabibi Tusiowataja

Silsila nyingi za Lamu huishia Shirazi au Hadhramaut, na majina yote ni ya wanaume. Mwezi Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani, zikiwemo Manda na Faza. Kumbe tangu yapata mwaka 1000, wanaume wa Kiajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Nasaba ya Kiarabu ilizidi baada ya 1500. Kwa wengi, zaidi ya nusu ya asili yao ni Afrika, hasa kwa upande wa mabibi.

Basi wazee waliosimulia Shirazi hawakusema uongo, walisimulia nusu. Mimi nilihifadhi mababu 12 tangu chuoni. Juzi nilimwomba mama anitajie mabibi zake. Alihesabu kwa vidole, akakoma kwenye cha tatu.