Tiba ya OCD Kagera: kabla hujalipa, uliza kinachofanyika ndani ya kikao

Mtu wa Nshamba au Kamachumu, wilayani Muleba, akiambiwa tatizo lake linahitaji mwanasaikolojia, ada siyo gharama ya kwanza inayomjia kichwani. Kuna nauli ya kwenda Bukoba mjini, au Mwanza kabisa. Kuna siku ya kazi itakayopotea, na kuna watu wa nyumbani watakaouliza anaumwa wapi. Ada inafuata, tena inarudi kila wiki kwa miezi mitatu au minne. Katika kaya nyingi za Muleba pesa ya aina hiyo ni pesa ya kahawa, na pesa ya kahawa kabla haijafika mkononi tayari ina wenyewe: karo, mabati, deni la dukani.

Kwa hiyo anayejiuliza kama alipie tiba ya OCD kwa mtaalamu binafsi anastahili jibu la wazi. Langu ni hili: lipa, ikiwa unachonunua ni tiba moja mahususi ambayo nitaieleza hapa chini. Kama mtaalamu haitoi, hata awe mpole na ofisi yake iwe nzuri namna gani, pesa itakwenda na ugonjwa utabaki, pengine ukiwa umekomaa.

OCD ni ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na matendo yanayorudiwa ili kuyatuliza. Wazo linaingia bila kualikwa: mikono hii ina virusi, mlango sikuufunga, nimemkufuru Mungu, nitamdhuru mwanangu. Wazo lenyewe halina ajabu. Mwaka 2014 Adam Radomsky na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu katika nchi 13, na takriban 94 kati ya kila 100 walisema wamewahi kupatwa na mawazo ya aina hiyo katika miezi mitatu iliyotangulia. Wengi huyaacha yapite. Mwenye OCD huliona wazo kama onyo, hofu inapanda, naye ananawa, anakagua, anasali upya au anauliza. Hofu inashuka kidogo, na ubongo unajifunza kwamba kilichomwokoa ni kunawa au kuuliza kule. Kesho atahitaji zaidi. Mambo haya yakimla mtu zaidi ya saa moja kwa siku, au yakimzuia kazi, ibada na mahusiano, hapo ni suala la tiba.

Kagera ina sababu zake za kuogopa maambukizi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitoka mkoa huu mwaka 1983, na kizazi kizima kililelewa kikizika wazazi. Machi 21, 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba; watu tisa walihesabiwa kuugua na sita wakafa kabla mlipuko haujatangazwa kumalizika Juni 2. Januari 2025 Marburg ilirudi, safari hii Biharamulo. Ndoo za maji na sabuni ziliwekwa milangoni, kupeana mikono kukapungua, misiba ikabadilika. Mtu aliyekuwa na OCD kipindi kile angeonekana raia makini kuliko wote. Mlipuko ulipoisha majirani walirudi kusalimiana kama kawaida, yeye akaendelea kunawa mpaka ngozi ikachubuka. Wengine hofu yao ni VVU: wanapima, wanapata majibu salama, wiki inayofuata wanapima tena kituo kingine. Hakuna kipimo kitakachowatosheleza.

Lakini OCD inayofichwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haihusu usafi. Chukua mfano wa mama mwenye mtoto wa miezi minne. Anamenya ndizi, kisu mkononi, mtoto pembeni, ghafla linamjia wazo la kumchoma. Anatetemeka. Anaficha kisu. Siku zinapita, anaanza kumwomba shemeji amenyee, kisha hataki kubaki na mtoto peke yake. Hamwambii mtu, maana anajua atakavyoitwa. Mama huyu analichukia wazo lile na anafanya kila awezalo kujizuia; hilo ndilo linaloonyesha kwamba ni OCD, na mawazo ya namna hii kwa mgonjwa wa OCD hayamfanyi awe hatari. Mama anayesikia sauti zikimwamuru, au anayeamini kweli kwamba mtoto ni shetani na lazima aondolewe, huyo ana ugonjwa mwingine, wa dharura, na anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tiba. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, akifanya kazi London, alieleza wagonjwa wawili ambao aliwasaidia kwa kuwakutanisha na kile walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya matendo yao ya kujituliza. Njia hiyo, yaani kukabili hofu na kuacha tendo, ndiyo mpaka leo yenye ushahidi mzito kuliko tiba nyingine zote za mazungumzo kwa OCD. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 na Edna Foa na wenzake ulipima watu 122. Kati ya walioanza tiba hii, asilimia 62 walipata nafuu ya maana. Waliopewa dawa ya klomipramini walikuwa asilimia 42, waliopewa vyote viwili 70, na waliopewa vidonge visivyo na dawa 8.

Kwa mama yule, kikao kingekuwa hivi. Wanapanga hatua kuanzia rahisi hadi ngumu. Kwanza kisu kinakaa mezani, mtoto akiwa chumba kingine. Siku nyingine anakishika mtoto akiwa humohumo ndani. Baadaye anamenya ndizi za chakula cha mchana mtoto akiwa mkekani karibu naye. Wazo likija analiacha liwepo: hasali haraka kulifuta, hampigi simu mume kuuliza kama yeye ni mtu mbaya. Hofu inapanda, halafu hata asipofanya chochote inapungua, au anagundua kwamba anaweza kuibeba na kazi ikaendelea. Anarudia nyumbani kila siku. Mazoezi ya nyumbani ndiyo sehemu kubwa ya tiba, na hayalipiwi.

Ndiyo maana ninaonya kuhusu ushauri nasaha wa kubembeleza. Mshauri anayetumia kikao kizima kumwambia mgonjwa "usiogope, huwezi kufanya hivyo, wewe ni mama mwema" anafanya kwa nia njema, lakini anampa tendo jingine la kujituliza. Ni kama kukuna upele: unatulia dakika chache, kisha unawasha zaidi. Padri anayeitwa kusikiliza ungamo lilelile mara tatu kwa wiki, na shehe anayeulizwa kila siku kama udhu umetimia, wamo katika mtego huohuo. Wakishirikishwa na mtaalamu wanaweza kusaidia sana, kwa kukubaliana na muumini kwamba jibu litatolewa mara moja tu.

Watu wa Kagera wana swali halali hapa: je, tiba hii itaniambia nisinawe mikono mahali ambapo Marburg imepita mara mbili? Hapana. Mtaalamu mzuri huchukua mwongozo wa afya wa kawaida kuwa ndiyo mpaka. Unanawa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula, mara moja, basi. Kinachoondolewa ni kunawa mara kumi na tano, kwa jiki, kwa sababu umeshika noti ya shilingi elfu. Mlipuko ukitangazwa, masharti ya mlipuko yanafuatwa na kila mtu, mgonjwa wa OCD akiwemo, bila kuongeza yake.

Kabla ya kutoa pesa, pita mlango wa umma. Daktari wa hospitali kama Rubya, Ndolage au Kagondo anaweza kuwa wa kwanza kukusikiliza na kukupa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Ngazi ya juu yake ipo Hospitali ya Bugando, Mwanza, yenye idara ya magonjwa ya akili. Uliza dirisha la bima ni nini kinalipiwa, na uliza ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu msamaha kama huna uwezo. Sema matendo yako kwa uwazi, saa ngapi kwa siku. Ukisema tu "nina mawazo mengi" unaweza kuondoka na amitriptilini au diazepamu, na hizo si dawa za OCD. Diazepamu ina hatari ya kukuzoeza. Zenye ushahidi ni dawa za kundi la fluoksetini na setralini, pamoja na klomipramini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ugonjwa huu. Mara nyingi dozi ya OCD huwa kubwa kuliko ya sonona, na matokeo husubiriwa wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya tatu wakidhani imeshindwa. Vijana waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, na mtu akitaja kujiua asisubiri tarehe ya kliniki.

Kama hospitali ya umma ina mtu anayefanya tiba ya kukabili hofu, sioni sababu ya kulipia kwingine. Ugumu ni kwamba wataalamu hao ni wachache mno nchini, na anayekuona anaweza kuwa na dakika kumi na foleni ndefu nje. Hapo ndipo tiba binafsi inapata maana. Piga hesabu yote kabla ya kikao cha kwanza. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kikao ni Sh40,000 na unahitaji 16: hiyo ni Sh640,000, na hujaweka nauli wala siku za kazi. Familia inayoweza kulipia vikao vinne tu ni afadhali ijue mapema na imwambie mtaalamu, ili vinne hivyo vitumike kufundisha mazoezi na kumfundisha ndugu mmoja wa kusimamia nyumbani.

Umbali nao una dawa yake. Mwaka 2006 Karina Lovell na wenzake wa Uingereza walionyesha, kwa wagonjwa 72, kwamba tiba hii ikitolewa kwa simu haikuwa duni kuliko ya ana kwa ana, ingawa mazungumzo ya simu yalikuwa mafupi. Huko Bergen, Norwei, Bjarne Hansen na Gerd Kvale walianza mwaka 2012 kuitoa kwa siku nne mfululizo. Mpango wao unahitaji timu kubwa iliyofunzwa, na siahidi utaukuta Mwanza. Lakini mkazi wa Muleba ana haki ya kumuuliza mtaalamu: tunaweza kukutana siku mbili tatu mfululizo, kisha tukaendelea kwa simu? Safari moja ya meli kutoka bandari ya Kemondo hadi Mwanza ni nafuu kuliko kumi.

Muulize pia ametibu OCD wangapi na kwa njia gani. Asipotaja mazoezi ya kukabili hofu, asipotoa kazi ya nyumbani, akikuahidi kupona kabisa au akidai malipo ya vikao vyote mbele, shukuru na uondoke. Majibu yake yakikuridhisha, mwombe akupime siku ya kwanza. Kuna dodoso la maswali kumi lililotungwa na Wayne Goodman na wenzake mwaka 1989, lenye alama 0 hadi 40, linalotumika duniani kote. Lijazeni tena kikao cha sita. Kama alama hazijasogea kwa kuwa hujafanya mazoezi, mwambie ukweli mpange upya hatua zenye ugumu mdogo. Kama hazijasogea kwa kuwa hakuna zoezi lolote ulilopewa, simamisha malipo, na pesa iliyobaki itumie kwa nauli ya kurudi kwa daktari kuzungumzia dawa.