Fahamu: Kwa nini unga wa protini ya maziwa hufanya madonge?

Koroga unga wa protini kwenye glasi ya maji, iwe Hamugembe mkoani Kagera au kwingineko: mmoja huyeyuka papo hapo, mwingine huelea kama madonge. Tofauti huanzia kiwandani.

Malighafi ni maji ya kijanikijani yanayobaki maziwa yakishagandishwa kuwa jibini. Lita 10 za maziwa huacha takriban 9, zenye protini isiyofika asilimia 1. Kwa jirani zetu Uganda, kiwanda cha Amos Dairies cha Kiruhura huyageuza maji hayo kuwa unga wa kuuza nje. Kwa mkoa wenye ranchi kama Kagera, hilo ni la kuonea wivu.

Chujio lenye matundu madogo mno hupitisha laktosi na chumvi, protini hubaki. Kisha hunyunyizwa kwenye hewa ya moto ikakauka. Hapa ndipo penye mtego. Protini kuu, beta-laktoglobulini, huanza kufumuka joto likizidi nyuzi 70 hivi za Selsiasi. Ikifumuka hushikamana, na unga hukataa maji. Tena chembe laini mno hujifunga nje kabla maji hayajapenya ndani, kwa hiyo viwanda huzilowesha kidogo ziungane kuwa punje zenye vinyweleo, na kuzipaka lesithini ili maji yapenye kwa urahisi.

Ajabu ni kwamba mtengeneza soseji anayetumia unga huu huutaka ufumukaji huohuo, ila utokee jikoni kwake: ndio unaosuka wavu wa kushika maji, jeli ikapatikana. Uchachu ukikaribia pH 5, jeli hiyo hugeuka chengachenga. Na chai inayochemka? Joto lake nalo hufumua protini, kwa hiyo weka unga ikishapoa kidogo.