Kazi ya uteuzi wa filamu za matamasha yahitaji jicho na kalamu

MTAZAMAJI anayeketi Ngome Kongwe, Zanzibar, wakati wa Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF), huiona filamu iliyo mbele yake na pengine kumsikia mwongozaji akijibu maswali. Asiyemwona ni mtu aliyekaa miezi kadhaa akitazama filamu moja baada ya nyingine, akazikataa nyingi na kuamua kwamba hii ndiyo ionyeshwe usiku huo.

Huyo ndiye mteuzi wa filamu. Kazi yake haina cheti kimoja kinachotambulika kila mahali, lakini ni miongoni mwa kazi chache za sanaa zinazomwezesha mtu kuhama kutoka nchi hadi nchi pasipo kubadili fani. Mmarekani Tricia Tuttle aliongoza Tamasha la Filamu la London kabla ya kukabidhiwa lile la Berlin, Ujerumani, mwaka 2024. Aliyemtangulia katika uteuzi huko Berlin, Mwitaliano Carlo Chatrian, alitokea Locarno, Uswisi.

Safari huanzia chini. Matamasha makubwa hupokea maelfu ya filamu kila mwaka, na hakuna kiongozi awezaye kuzitazama zote. Hivyo hutafutwa watazamaji wa awali, ambao huchuja na kuandika ripoti fupi kwa kila filamu. Malipo ni madogo, na kwingine hayapo kabisa.

Kinachopimwa hapo si mapenzi ya sinema, kwani hayo kila mwombaji anayo. Hupimwa uwezo wa kueleza kwa maandishi, bila kuzungukazunguka, kwa nini filamu fulani inafaa na nyingine haifai. Ndiyo maana wateuzi wengi walianza wakiwa wahakiki.

Mfano mzuri ni Cameron Bailey, mzaliwa wa London kwa wazazi kutoka Barbados, aliyekulia Kanada. Alikuwa mhakiki wa filamu mjini Toronto alipojiunga na wateuzi wa tamasha la mji huo mwaka 1990. Mwaka 1995 alianzisha Planet Africa, sehemu maalumu ya filamu za Afrika na za Waafrika walioko ughaibuni. Alikuwa na eneo alilolifahamu kuliko wenzake, akalisimamia hadi likamjengea jina. Alifanywa mkurugenzi wa sanaa mwaka 2012, na mwaka 2021 akawa mtendaji mkuu.

Mwaka huo huo wa 2021, filamu ya Kitanzania Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto. Ni wazi kwamba filamu ya Kiswahili hupimwa kwa haki zaidi pale mezani anapokuwapo mtu anayeelewa lugha na mazingira yake. Tafsiri iliyoandikwa chini ya picha haibebi kila kitu.

Mteuzi aliyepanda cheo hafungiki chumbani. Husafiri, hufuatilia filamu kabla hazijakamilika, hujadiliana na mawakala wa mauzo na kuwania haki ya onyesho la kwanza. Matamasha makubwa hulithamini mno onyesho hilo, kiasi kwamba mwongozaji aliyekwisha kuiweka kazi yake kwenye intaneti huweza kukataliwa hata kama filamu ni nzuri.

Kwa kijana wa Afrika Mashariki, mlango wa karibu ni ZIFF, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Aidha, upo mpango wa vipaji wa tamasha la Berlin, ulioanza mwaka 2003, na tawi lake la Durban, Afrika Kusini, lililoanza mwaka 2008. Mipango hiyo imekuwa ikipokea pia wahakiki chipukizi.

Hata hivyo, kazi yenyewe ni ya msimu. Mikataba mingi ni ya miezi michache, hivyo wateuzi hutumikia matamasha mawili au matatu kwa mwaka, au hufundisha na kuandika ili wamudu maisha. Kwa mwenye pasipoti ya Kiafrika huongezeka kadhia ya viza, ambayo huweza kutoka tamasha likiwa limekwisha.

Lipo pia suala la lugha. Fespaco, tamasha lililoanzishwa Ouagadougou, Burkina Faso, mwaka 1969, huwakutanisha watengeneza filamu wa bara zima, na mazungumzo mengi huko huendeshwa kwa Kifaransa. Anayetaka kuwa mteuzi wa filamu za Afrika hana budi kujifunza lugha hiyo mapema.