Jino la nyuma la mtoto: tusingoje liume

Mtoto anapofikisha miaka 6 hivi, jino kubwa linaota nyuma kabisa ya meno yake ya utoto. Kwa kuwa halikungoja jino lingine litoke, wengi wetu hatulioni, au tunadhani nalo ni la utoto. Hapana. Ni jino la kudumu, na likiisha kung'olewa hakuna lingine litakaloota. Tena linaoza upesi, maana juu yake kuna mifereji ambamo chakula kinajificha.

Uozo hauanzi na tundu. Unaanza na doa jeupe lisilong'aa, kama chokaa. Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari na kutoa asidi, asidi inaondoa madini ya jino, kisha mate yanayarudisha polepole. Mtoto anayekula bonboni kila saa anayanyima mate nafasi ya kufanya kazi hiyo. Doa likiwa bado jeupe linaweza kupona kwa dawa ya meno yenye floridi, asubuhi na kabla ya kulala. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi. Na umsimamie: mtoto wa miaka 7 bado hajui kufikisha mswaki kule nyuma.

Tundu likiwa limeshaanza, mganga wa meno anaweza kupaka dawa ya majimaji iitwayo silva diamini floridi. Haihitaji sindano wala mashine. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Ila inageuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi, na mzazi ambaye hakuelezwa mapema atasema mtoto wake ameharibiwa jino. Kumbe weusi mgumu unaonyesha kwamba uozo umesimama.

Kuna pia njia iliyoanzia kwa jirani zetu wa Tanzania katika miaka ya 1980. Sehemu laini inakwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu linazibwa kwa saruji ya meno inayotoa floridi. Hata mahali pasipo na umeme inawezekana.

Lakini mtoto akiamshwa usiku na maumivu, au shavu likivimba, kupaka na kuziba hakutoshi tena. Apelekwe hospitali bila kukawia.

Leo jioni mwambieni afungue mdomo, mmulike kwa tochi ya simu, mtazame kule nyuma.