Palipo na Nyavu Pana Lesi

Watu wa Kilwa, kando ya Ziwa Moero, hawana haja ya kufundishwa thamani ya uzi. Wavu ukiraruka usiku, asubuhi mvuvi huketi akaufuma tena, tundu kwa tundu. Leo twataka kusema juu ya kazi iliyo jirani na hiyo, yaani kusuka lesi kwa vijiti, ile dentelle ya Wabelgiji. Wabenedikto waliofika Katanga mwaka 1910 walitoka monasteri ya Sint-Andries, karibu na Brugge, mji unaosifika kwa lesi tangu karne nyingi.

Wengi hudhani kwamba kazi hii haiwezekani bila vyombo vya Ulaya. Hivyo binti mwenye mikono myepesi hukaa akingoja sanduku ambalo pengine halitafika kamwe. Twaona kungoja huko ni bure. Tazameni pwani ya Ceará, huko Brazil, ambako wanawake wa wavuvi walirithi sanaa hii kwa Wareno. Mto wao hujazwa majani makavu ya migomba. Mahali pa pini hutumia miiba ya mmea uitwao mandacaru. Na kijiti chao ni kipande cha mti kilichochomekwa kokwa ya mnazi wa porini. Wareno wenyewe wana msemo kwamba palipo na nyavu pana lesi.

Basi, ni kitu gani katika hivyo kinachokosekana Kilwa?

Anzeni na mto, maana mto mbaya huharibu yote. Shoneni mfuko wa kitambaa kigumu, mrefu na wa mviringo kama gogo dogo. Jazeni majani ya migomba, nyasi kavu, au unga wa mbao kutoka kwa seremala, mkishindilia kwa mti hata kidole kisizame. Sufi haifai: ni laini, na pini hulegea ndani yake. Juu vikeni kitambaa cheusi au cha buluu, ili uzi mweupe uonekane. Mto ukae ndani ya kikapu usije ukabingirika.

Vijiti vikatwe katika mti mkavu au tete, urefu wa sentimeta 10 hivi. Karibu na ncha ya juu chongeni shingo ya kuzungushia uzi, na juu yake kichwa kidogo cha kuzuia tanzi lisichomoke. Vyote viwe na uzito mmoja. Kijiti chepesi mno hakivuti uzi, na kizito hukata uzi mwembamba. Tete ni jepesi. Lifungieni kokwa ya mchikichi au shanga mwishoni, kama Waingereza wanavyofunga shanga za kioo, nalo halitabingirika ovyo. Msumari pia waweza kutumika kwa uzi mnene, lakini kutu ni adui. Pini za chuma huacha madoa mekundu katika uzi mweupe, hasa penye unyevu wa ziwa. Mwiba mrefu, mnyofu na laini ni bora kuliko pini mbovu. Uzi uwe wa pamba, kwa kuwa nailoni ya nyavu huteleza.

Mchoro hupigwa kwenye karatasi ya daftari yenye miraba, ikabandikwa juu ya katoni na kutobolewa. Mwendo wa mikono ni wa namna mbili tu. Chukueni vijiti vinne: cha pili kipite juu ya cha tatu, huko ni kupishanisha, kisha cha pili juu ya cha kwanza, na cha nne juu ya cha tatu, huko ni kusokota. Lesi zote za Brugge, hata zile zenye mamia ya vijiti, zimetoka humo.

Hatusemi kwamba kazi hii italeta utajiri. Huko Ubelgiji wasichana wengi waliisuka kwa malipo ya taabu, na tangu karne ya 19 mashine zimeshusha bei. Jembe lisiachwe. Lakini huko Idrija, Slovenia, shule ya lesi iliyofunguliwa mwaka 1876 ingali inafundisha.

Kwa kuanza, jozi 6 hadi 8 zatosha kwa ukanda mwembamba wa kitambaa cha altare au gauni la mtoto. Pini za mbele ziachwe zimesimama. Ng'oeni za nyuma tu, lesi ikiisha kushika umbo lake, mkazichome tena mbele.