Je, Wajua? Kemikali ya ubongo imo kwenye mpunga

Mbegu ya mpunga iliyolowekwa kwa ajili ya kitalu kando ya mto Lumemo, Ifakara, ikianza kuchipua huongeza GABA: kemikali ileile inayotuliza seli za ubongo wako.

Mwanasayansi Eugene Roberts aliigundua ubongoni mwaka 1950, Marekani, akiwa anachunguza saratani ya panya.

GABA ikizidiwa, seli za ubongo hurusha ishara kwa pamoja kupita kiasi; mtu huanguka kifafa. Kule Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa miaka ya 1960. Baadhi walikuwa na makovu ya kuangukia moto. Aliwapa fenobabitali, dawa rahisi inayoipa GABA nguvu.

Ajabu zaidi: baadhi ya seli za kinga hutengeneza GABA, nayo huweza kupunguza makali ya kinga ya mwili dhidi ya saratani.