Roboti ya Kupandisha Maji Nyumbani

Watu wengi wakisikia neno roboti hufikiri juu ya mtu wa chuma mwenye macho ya taa, atembeaye na kusema. Kwa hiyo mwanafunzi atakaye kutengeneza roboti ya nyumbani huanza na kichwa na miguu, na fedha humwishia kabla ya kazi yo yote kufanyika. Katika makala hii nitajaribu kueleza kwamba yafaa kuanza na kazi, siyo na umbo.

Neno lenyewe lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, uliochapishwa mwaka 1920. Asili yake ni neno la Kicheki "robota", maana yake kazi ya shuruti. Lakini mitambo ya namna hii ni ya zamani zaidi. Mwaka 1206 fundi mmoja, al-Jazari, alimaliza kitabu cha Kiarabu chenye habari za mitambo mingi, na mmoja wao ulikuwa wa kunawia mikono. Maji yaliyokwisha kutumika yalishuka chomboni, boya likapanda, na sanamu ya mtumishi ikatokea na unga wa kunawia. Maji yalipozidi, sanamu ya pili ikatokea na kitambaa. Umeme haukuwapo, lakini mambo matatu ya roboti yalikuwapo: kuhisi, kuamua na kutenda.

Sasa tuchukue kazi ya kwetu Unyambwa, mkoani Singida. Kiangazi chetu ni kirefu. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, na mara nyingi waibebao ni mama zetu na dada zetu. Saa ya dada kisimani ni saa iliyotolewa katika masomo yake.

Roboti ya kutembea hadi kisimani ingepaswa kuona njia, kukwepa mawe na ng'ombe, na kubeba uzito wake pamoja na wa maji. Hata wahandisi hodari huiona kazi hiyo ngumu. Pampu na bomba hazina haja ya miguu.

Tuseme nyumba ina kisima uani, maji yako mita 10 chini, na tangi liko mita 2 juu. Nyumba hutumia ndoo 10 kwa siku, yaani kilo 200. Kazi ya kuyapandisha ni 200 × 10 × 12, sawa na jouli 24,000. Pampu ya wati 40, ikipoteza nusu ya nguvu zake, itamaliza kwa sekunde 1,200, yaani dakika 20. Paneli ya jua na betri ya volti 12 zatosha.

Kuhisi na kuamua tutawapa maboya mawili yenye swichi. La tangi huzima pampu tangi likijaa. La kisimani huizima maji yakipungua, ili isizunguke kavu na kuharibika. Swichi zote mbili zifungwe katika waya mmoja, moja baada ya nyingine, hata pampu isiwake mpaka zote zikubali. Waya wa boya la tangi uachwe mrefu kidogo. La sivyo pampu itawaka na kuzima kila kikombe kitekwapo. Kompyuta ndogo si lazima kwa mwanzo. Fundi wa umeme na akague kazi kabla ya kuwasha.

Mtambo huu una mipaka. Kisima kikiwa mbali, hauna budi kungojea bomba. Tena hupandisha maji tu, hauyasafishi. Ya kunywa yachemshwe kama kawaida.

Basi, kila apangaye roboti ya nyumbani achukue karatasi na kuandika hatua zote za kazi aliyoichagua, kisha aulize kila hatua: je, hii ni ya mashine au ya mtu? Halafu wazee wetu nyumbani waulizwe jambo moja zaidi: zile saa zilizookolewa zitakuwa za nani? Maji yakipanda yenyewe, na dada akapewa kazi nyingine badala ya kitabu, roboti itakuwa imesaidia ndoo tu.